Kabureta ya Mjomba

Mjomba alinitumia nauli ya kuja tu. Ya kurudi, alisema kwenye simu, tutaipata gari likiwaka.

Hiace yake ilikuwa imelala wiki ya tatu pale Nyamisati, na mjomba hana shamba la maana wala duka. Ana Hiace. Maji yakijaa na boti zikaingia, yeye huwa ameshageuza gari bandarini: anapakia kamba, kaa, ndoo za dagaa, abiria waliotoka Mafia na wale wa visiwa vya delta, anawafikisha Bungu kwenye lami, wengine Kibiti, na siku njema anakwenda mpaka Mbagala. Wiki tatu bila gari ni wiki tatu za akina mama wa samaki kuzoea gari la mtu mwingine. Huwezi kuwalaumu. Barafu ikiyeyuka, kamba hawajui kwamba mjomba ni mteja wa miaka kumi.

Mimi kazi yangu Dar ni kusoma kompyuta za magari. Gari likija gereji na taa ya injini inawaka, wenzangu wananiita, nachomeka skana, nasoma namba, nasema kifaa gani kimegoma. Ukoo wetu umelipokea jambo hili kwa imani kubwa kuliko inavyostahili. Kwenye misiba naitwa daktari. Kwa hiyo nilishuka Nyamisati na begi langu: mita ya umeme, taa ya kupimia taimingi, na klipu ya karatasi.

Klipu si utani. Hiace za miaka ya 1990 hazina ile soketi ya skana iliyo kwenye magari ya leo. Zina kisanduku kidogo chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Wewe unahesabu. Mikonyezo miwili, kimya kidogo, miwili tena: 22, sensa ya joto la maji. Mitatu, kimya, mmoja: 31, injini haipati habari ya hewa inayoingia. Sijawahi kuona skana ya mamilioni yenye heshima kama klipu hiyo.

Siku ya kwanza nilipata 22 na 31. Nikasafisha viungio, nikapima waya, nikafuta namba. Siku ya pili zikarudi zote mbili na 41 juu yake. Siku ya tatu taa haikuwaka kabisa. Hakukuwa na cheche kwenye plagi wala nozeli hazikutema mafuta. Nikalitoa lile sanduku la kompyuta, ambalo mafundi wengi huliita kontroli boksi, nikalifungua kibarazani kwa mjomba, na watoto wakanizunguka kuangalia. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani kama chumvi ya mrututu.

Chanzo tulikijua. Aprili 2024, mto Rufiji ulipofurika na maji yakameza mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti, Hiace ilikuwa imeegeshwa bondeni kwa shemeji yake. Maji yalipanda juu ya sakafu, yakakaa siku mbili. Yalipoondoka walimwaga oili, wakaanika siti, wakafungua milango yote juani, na gari likawaka. Mjomba alisali, akarudi kazini. Lakini maji yaliyoingia ndani ya mpira wa waya hayatoki kwa jua. Yanatambaa. Shaba inageuka kijani polepole, halafu unaongeza upepo wa chumvi wa bandarini kwa zaidi ya mwaka mzima, na siku moja sanduku linapata habari za uongo kutoka kila pembe, mpaka nalo linakufa.

Nikampa mjomba hesabu. Sanduku la mtumba Dar ni kama laki nne, bila dhamana. Waya zote za injini lazima zibadilishwe, la sivyo sanduku jipya litaliwa kama la kwanza. Kazi hiyo ningeifanya mwenyewe, wiki moja.

"Na hilo jipya likifa?"

"Nitakuja tena, mjomba."

"Na ukiwa umeolewa Mwanza?"

Sikuwa na jibu la hilo, na shangazi aliyekuwa anakuna nazi alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Aliyeleta neno kabureta ni fundi wa mashine za boti. Ni mzee mwenye kibanda cha makuti karibu na gati, anayenuka petroli na oili hata siku ya Idi. Alikuja kutoa pole, kama watu wote walivyokuwa wanakuja, akainama chini ya siti ya dereva (Hiace ya aina hii injini yake iko chini ya siti, unainyanyua kama kifuniko cha sanduku), akatazama, akauliza, "Hii si 1RZ? Ipo ya kabureta. Ya hospitali ya misheni ilikuwa hivyo. Fungeni kabureta, mwondokane na maneno."

Kusema kweli nilikasirika kidogo. Nimesoma miaka mitatu ili niyaelewe hayo maneno.

Kabureta ni kifaa cha akili ya kizamani, na simaanishi tusi. Hewa inayovutwa na injini inapita kwenye koo jembamba. Ikipita pale inakwenda kasi, presha yake inashuka, na petroli iliyomo kwenye bakuli dogo pembeni inanyonywa kupitia tundu la jeti, inachanganyika na hewa. Bakuli lina boya kama la tangi la choo: mafuta yakipungua linashuka na kufungua mlango, yakijaa linapanda na kuufunga. Hakuna anayepima chochote. Hewa yenyewe ndiyo inayovuta inachohitaji, kwa makadirio.

Na makadirio ndiyo yaliyoiangusha. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, na kabureta huupata uwiano huo kwa bahati zaidi kuliko kwa uhakika. Moshi ulipoanza kuwaumiza watu kwenye miji kama Los Angeles na sheria za hewa safi zikakaza, watengenezaji walihitaji kitu kinachopima. Bosch walikuwa wameshatoa mfumo wa umeme kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967. Kufikia miaka ya 1990 karibu kila gari dogo la petroli lililotoka Japani lilikuwa na nozeli, sensa na sanduku la kuamua. Ile herufi E mwishoni mwa 1RZ-E ndiyo hiyo: mafuta kwa amri ya umeme. Magari hayo yakizeeka yanapanda meli, yanashuka Dar, na mengine yanaishia Nyamisati.

Usiku ule nililala nikiwa na hoja zote hizo kichwani. Asubuhi nikaenda kukaa kwenye kibanda cha fundi, na nikafanya kitu ambacho mtu wa kazi yangu hufanya akitaka kujua: nikahesabu. Kwenye benchi lake kulikuwa na mashine mbili za boti za Yamaha za piston mbili, zote za kabureta. Pikipiki mbili za bodaboda, kabureta. Jenereta ya mwenye duka la barafu, kabureta. Pampu ya maji ya mtu wa bustani kutoka Mbwera, kabureta. Mvulana wa miaka kama kumi na minne, mjukuu wake, alikuwa ameketi juu ya dumu akipuliza jeti kwa mdomo, anaielekeza kwenye jua, anachungulia tundu, anapuliza tena. Hakuna aliyemfundisha darasani. Delta nzima inajua kabureta kama inavyojua kupwa na kujaa kwa maji. Kitu pekee pale kijijini kilichokuwa kinasubiri mtu atoke Dar na begi ni Hiace ya mjomba.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililonigeuza hasa. Mafuta. Nyamisati hatununui petroli kituoni. Tunanunua kwenye madumu na chupa, na mafuta hayo yamevuka mikono mingi, mengine yamesafiri kwenye boti. Yana maji na mchanga. Petroli ikiwa na maji, nozeli zinapata kutu kutoka ndani, na pampu iliyozama ndani ya tangi inasaga uchafu mpaka inakufa. Kabureta nayo inaziba, tena mara kwa mara. Lakini maji ni mazito kuliko petroli, yanalala chini ya bakuli, na bakuli la kabureta lina skrubu ya kumwagia. Kazi ya dakika tano, hata njiani, na bisibisi.

Nikampigia rafiki yangu mwenye duka la spea za mtumba Gerezani.

Hapa niseme jambo kwa yeyote anayefikiri kubadili mfumo ni kununua kabureta na kuifunga juu. Tulihitaji manifoldi ya kabureta, kwa sababu ile ya nozeli ina umbo lingine kabisa. Tulihitaji distributa nyingine, kwa kuwa ya mfumo wa umeme husubiri amri ya sanduku ndipo cheche itoke, wakati ya kabureta inasogeza muda wa cheche yenyewe, kwa vyuma vidogo vinavyotanuka injini ikienda mbio na kwa kifuko kinachovutwa na vakyumu. Tulihitaji pampu. Ya mfumo wa nozeli husukuma mafuta kwa presha ya kama psi 40. Kabureta inataka kama 4 tu. Ukiiacha pampu ya zamani, boya haliwezi kuuzuia mlango, petroli inafurika juu ya injini ya moto, na injini hiyo dereva ameikalia.

Vitu vyote vilikuja na basi mpaka Bungu, vikaletwa na bodaboda ndani ya mfuko wa salfeti. Jumla laki tatu na themanini. Kabureta ilikuwa imeoshwa iking'aa kama mpya. Sikuangalia mng'ao, nilishika mhimili wa mlango wa hewa nikautikisa. Mhimili ukicheza, hewa inaingia pembeni na hakuna skrubu duniani itakayoirekebisha silensa. Ulikuwa umekaza.

Tulifanya kazi siku mbili, mimi, fundi na mjukuu wake, mjomba akiwa mshika taa na mtoa ushauri. Waya zilizooza tulizitoa zote. Zilijaza ndoo ya lita 20. Nilizitoa mwenyewe, moja moja, na kila moja nilijua ilikuwa inakwenda wapi na inasema nini: hii joto, hii hewa, hii ya oksijeni (kwenye bomba la moshi hakukuwa na kitu cha kupima, katalisti ilishakatwa na kuuzwa na mwenye gari wa kabla ya mjomba, kama zilivyo nyingi). Mjomba aliuliza kama anaweza kuzichoma achukue shaba. Nilimwambia asubiri niondoke.

Gasketi ya manifoldi haikuwemo mfukoni. Fundi aliweka karatasi ya gasketi juu ya chuma, akaanza kugonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, chuma chenyewe kikikata umbo. Ilimchukua karibu saa nzima, na akiwa anagonga alikuwa anasimulia habari za manuwari. Kila mzee wa delta ana toleo lake. Lililoandikwa ni kwamba meli ya vita ya Kijerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha humu mikokoni kwa kuwa mitambo yake ilikuwa mibovu. Sehemu zilizoharibika zilibebwa na Waafrika nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa vivyo hivyo. Meli haikutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliipiga hadi wenyewe wakaizamisha, lakini mizinga yake 10 ilitolewa, ikafungwa magurudumu, ikaenda kupigana bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nimeushika. Vitabu vinataja majina ya manahodha. Waliobeba vinawaita wabebaji.

Fundi hakujali mizinga. Alitaka kujua jambo moja: vipande vya mitambo vilivyokwenda Dar vilikaa siku ngapi? "Maana mimi nikipeleka hedi Dar kukwanguliwa," alisema, "huwa inakaa wiki mbili na hawapokei simu."

Jioni ya siku ya pili tulijaza bakuli, mjomba akavuta choki, akapiga stata. Ikakohoa, ikatema moshi kooni, ikazima. Fundi akazungusha distributa kidogo kwa kiganja, kama mtu anayegeuza chungu. Ikakohoa tena. Akazungusha. Ikawaka.

Aliiweka silensa kwa sikio. Alifunga skrubu ya mchanganyiko mpaka injini ikaanza kujikwaa, akaifungua nusu mzunguko, robo, akasimama na jicho moja limefumba. Nikatoa taa yangu ya taimingi, nikamulika alama ya puli. Kwa sikio alikuwa amekosea kwa digrii 2. Nikamwonyesha. Akaitazama ile taa inavyoifanya puli inayozunguka ionekane imesimama, akanyamaza, kisha akamwita mjukuu wake: "Njoo uone hii." Nikamwachia. Gereji ina nyingine.

Tulimwagia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi kusikiliza kama kuna mahali injini inayanyonya. Gasketi ya nyundo haikuvuja.

Sasa niseme hasara, maana wapo watakaosoma hapa wakaenda kukata waya za gari zima. Hiace ya mjomba ilikuwa inakwenda kilomita 10 kwa lita nilipoipima zamani. Sasa inakwenda 8, na ikiwa imejaa sana chini ya hapo. Moshi wake una harufu ya petroli mbichi, na abiria wa siti ya nyuma wanaijua. Mjomba amerudi kwenye kuamka kuvuta choki. Bei ya kuliuza imeanguka, ingawa sioni nani angelinunua. Kilichotuokoa pia ni jiografia: kabureta hupangiwa jeti kwa hewa ya mahali fulani, na delta iko usawa wa bahari. Ukilipandisha gari hilohilo Lushoto au Mbeya, hewa inapungua, jeti inaendelea kumimina kama mwanzo, na plagi zinatoka nyeusi kama masizi. Sanduku la kompyuta lingelijua hilo na kupunguza. Mjomba milima hana safari nayo. Nilipochomoa plagi zake baada ya wiki, zilikuwa na rangi ya kahawia isiyokolea, kama chai ya maziwa.

Kwa mteja wangu wa Dar nisingefanya hivi, na wakiniuliza nawakatalia. Kwa Nyamisati ningefanya tena. Tangu Hiace iwake imeshaziba mara nne, na zote nne nimezisikia kwenye simu baada ya kwisha. Mara ya tatu ilikuwa usiku, wakimkimbiza mama mjamzito Kibiti. Ilianza kukata katikati ya mashamba ya mikorosho. Mjomba alinyanyua siti huku ndugu wa mgonjwa wakimmulikia kwa simu, akamwaga bakuli, maji yakatoka, wakaondoka. Mtoto ni wa kiume. Mimi nilikuwa nimelala Dar na simu imezimwa.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Bungu alinipigia. Ana Noah, injini imegoma, ameambiwa na fundi wetu kwamba mimi "ninaondoa kompyuta." Nilimwomba anitumie picha ya herufi zilizo kwenye kibati cha injini. 1AZ-FSE.

Ilibidi nimweleze. Kwenye Hiace nozeli zilikuwa kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, palepale ambapo kabureta inapeleka mchanganyiko wake. Kwa hiyo tulitoa kimoja tukaweka kingine. Kwenye Noah yake nozeli zinatema petroli ndani kabisa ya silinda, kwa presha kubwa mno, kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye hedi yenyewe. Piston zake zimechongwa kwa ajili hiyo. Hakuna 1AZ ya kabureta iliyowahi kutengenezwa, na hakuna manifoldi ya kutafuta Gerezani. Nilimwambia inahitaji pampu ya presha na mtu wa kuipima kwa skana, na kwamba naweza kuja mwishoni mwa mwezi nikipata ruhusa.

"Kwa hiyo Nyamisati hawawezi?"

"Hii hawawezi, mwalimu."

Akashukuru. Siku ya pili fundi akanipigia mwenyewe, hajakata tamaa. Alitaka kujua hayo matundu ya kwenye hedi yana kipenyo gani, na kama yanaweza kuzibwa kwa bolti. Nilimwambia nitampimia. Mpaka sasa Noah iko Bungu chini ya mkorosho, imefunikwa turubai la bluu, na mwalimu anakwenda shule kwa bodaboda.